Mitungi Iliyohesabiwa Mara Tatu

Jambo hili limeshasimuliwa vibaya na watu wengi, tena wengine hata hawakuwepo. Wapo wanaosema fundi alipandwa na wazimu siku ile. Wapo wanaosema alitumwa na wasioitakia mema serikali. Uongo mtupu! Fundi alikuwa na akili zake timamu, hakutumwa na mtu, na lililomfikisha pale ni moja tu: dada yake alikuwa amelazwa kitanda namba saba, na pumzi ilikuwa inamwishia.

Walimwita Gia kwa sababu ya mwendo wake. Alikuwa mwembamba, miguu haitulii, akikaa kitini goti linacheza. Kazi yake ilikuwa mitambo ya hospitali: jenereta, mashine ya kufulia, taa za chumba cha upasuaji, na zaidi ya vyote, mitungi ya oksijeni. Ni ile mitungi mirefu ya chuma, inayomfika mtu kifuani, ambayo huwezi kuibeba, labda uiviringishe kwa kitako. Hospitali nzima ilikuwa nayo kumi na miwili.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na mtindo wake wa kupokea wakaguzi, na mtindo huo ndio mzizi wa fitina. Wakaguzi wakifika kutoka wizarani, wanapelekwa kwanza wodi ya wanaume. Wanaikuta mitungi kumi na miwili imepangwa mstari, imefutwa vumbi, inang'aa. Wanaandika. Halafu matroni anawakaribisha chai ofisini kwake. Na matroni yule alijua kukaribisha! Anawapa kitabu cha wageni wasaini, anawauliza habari za safari, habari za watoto, watoto wanasoma wapi, mwalimu wao ni nani, mkubwa ataoa lini. Wakati huo Gia na troli yake wanapita mlango wa nyuma, kando ya jiko, chini ya kamba za kuanikia mashuka, wanahamisha mitungi mitatu mitatu mpaka wodi ya wanawake. Wageni wakimaliza chai wanaikuta huko, mstari uleule, inang'aa vilevile. Wanaandika. Baadaye zinaletwa soda, troli inazunguka tena, na wodi ya watoto nayo inakutwa na mitungi kumi na miwili. Ukijumlisha, thelathini na sita.

Na msiwaone wezi, jamani. Daktari mkuu aliyekuwepo kabla ya huyu wa sasa aliwahi kusema ukweli. Aliwaambia wakaguzi, mitungi tuliyo nayo ndiyo hii, haitoshi, tusaidieni. Alicholetewa ni barua ya onyo kwamba ameshindwa kusimamia kituo, akahamishwa kabla ya mwezi kuisha, na mtungi haukuja hata mmoja. Kuanzia hapo kila mtu pale akafyata ulimi. Gia mwenyewe, wala tusimfichie, aliona fahari. Safari yake ya haraka kabisa ilikuwa dakika nane, wodi hadi wodi, na alipenda kuwahadithia manesi.

Kisha virusi vikaja.

Hapo ndipo mtu anakosa maneno. Kitu ambacho hakionekani kwa jicho, hakina sauti wala harufu, kimefunga shule, kimefunga nyumba za ibada, kimewafanya watu wazima wasalimiane kwa viwiko kama watoto wanaocheza. Gia alikuwa akienda kazini asubuhi anapita barabara nzima asikutane na mtu, anasikia viatu vyake mwenyewe, na nywele zinamsimama. Alipofika kwa kinyozi, mlango umefunguliwa nusu, kinyozi anachungulia na kumuuliza swali lilelile la kila siku.

"Fundi, wewe uko ndani. Hebu niambie kweli. Redioni wanasema serikali iko tayari. Mko tayari?"

"Tuko tayari, bwana. Usiwe na wasiwasi."

Kila mtu alimuuliza hivyo. Muuza mkaa alimuuliza, mwalimu wa hesabu alimuuliza, mama mmoja asiyemjua kabisa alimshika mkono njiani, akakumbuka hairuhusiwi kushikana, akauachia, akamuuliza akiwa amerudi nyuma hatua mbili. Wote aliwajibu tuko tayari. Alikuwa akilisema neno hilo kama anavyosema hujambo.

Siku ya kumi na moja ndipo dada yake alipoletwa.

Dada huyo alikuwa mpishi wa shule. Alimlea Gia tangu mama yao alipofariki, Gia akiwa na miaka minne, yeye ana kumi na saba. Alikuwa mtu wa sauti. Akisema "pangeni foleni" watoto mia nne wanapanga, na wazazi waliokuja kuulizia ada nao wanajikuta wamepanga. Sasa aliingizwa kwa kiti cha magurudumu, hawezi kumaliza sentensi. Alianza, "Mdogo wangu, usi..." akaishia hapo. Gia aliumia pale kuliko alivyowahi kuumia, kwa sababu hajawahi kusikia dada yake akiacha jambo nusu.

Akamfungia mtungi kwa mikono yake mwenyewe. Akafungua valvu, akarekebisha kipimo, nesi akamvisha barakoa ya oksijeni. Baada ya dakika kadhaa kifua kikapungua kuhangaika. Midomo iliyokuwa imebadilika ikaanza kurudia rangi yake. Gia alisimama na spana mkononi, mdomo wazi. Miaka kumi na tano ameviringisha mitungi ile, ameitukana ikimkanyaga kidole, na hakuwahi kukaa akatazama inafanya nini. Akaitazama geji ya mtungi, inayoonyesha hewa iliyobaki, akamtazama dada, akaitazama geji tena. Sindano ilikuwa inashuka polepole sana, huwezi kuiona ikitembea, lakini ukigeuka na kurudi unaikuta imeshuka. Alielewa kwamba kinachopungua mle ni dada yake. Mungu wangu, alisema kimoyomoyo, na miguu yake kwa mara ya kwanza ikatulia.

Wagonjwa wa kuhitaji oksijeni walifika kumi na mmoja. Mitungi ikaisha mmoja baada ya mwingine, na mji wa kujazia uko mbali, unapeleka leo unarudishiwa kesho kutwa. Siku ya nne tangu dada aletwe, alfajiri, Gia alizunguka vitanda vyote akisoma geji. Akapiga hesabu kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu. Hata wakigawana, hata wakiunganisha wagonjwa wawili mtungi mmoja, ifikapo saa sita mchana hakuna kitu.

Na saa mbili na nusu, lori la wizara likasimama getini.

Loo! Gia alikimbia mpaka kiatu kikamtoka. Nyuma ya lori, chini ya turubai, mitungi thelathini, imejaa, bado ina karatasi za kujazia shingoni. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi na upole wake, alikuwa ameteremka na dumu.

"Habari ya kazi, kijana. Naombeni maji, rejeta imechemka."

"Maji utapata, mzee wangu. Tushushe mitungi kwanza."

Dereva akamtazama, akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. "Yenu haimo. Inaenda hospitali kubwa huko mbele. Nyinyi mko vizuri, ona hapa. Thelathini na sita." Akamwonyesha kwa kidole. "Mngekuwa na kumi na miwili hivi, mngepewa nusu ya hii."

Gia aliisoma ile namba. Alimletea dereva maji, tena alimshikia mpira mpaka rejeta ikajaa, na lori likawaka na kuondoka mbele ya macho yake.

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa daktari mkuu. Daktari alikuwa hajalala siku mbili, macho mekundu, koti limekunjika. Matroni alikuwa amesimama dirishani.

"Dokta, piga simu wizarani. Sema ukweli."

"Nimepiga tangu jana. Wanafungua kitabu, wananiambia una thelathini na sita, itumie vizuri. Nikisema si kweli wananiuliza, saini hii ya nani?" Akajishika kichwa. "Ni yangu, fundi. Ni yangu mara tatu."

"Na chai ni yangu," alisema matroni kwa sauti ndogo.

"Na troli ni yangu," alisema Gia. Akatoka.

Saa tatu kamili redio ya taifa ilikuwa na kipindi cha maswali, na asubuhi hiyo nchi nzima ilikuwa imetega sikio, kwa sababu mgeni alikuwa mkurugenzi kutoka wizarani. Watu walikuwa wamejawa na hofu na walitaka kusikia mtu mkubwa akiwatuliza. Gia aliingia stoo ya mitungi, akafunga mlango, akapiga namba ya studio. Ikaita. Ikakatika. Akapiga tena. Alipiga mara kumi na tisa. Simu ikiwa sikioni aliwaza kazi yake, nyumba ya hospitali anayokaa, mkewe na ada za watoto, na akajua kwamba vyote hivyo anakwenda kuvikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"...mitungi mia mbili hamsini na miwili katika hospitali saba za ukanda ule pekee," mkurugenzi alikuwa akisema kwa sauti nzito iliyotulia. "Wananchi wasiwe na hofu. Tuko tayari."

"Tuna msikilizaji kwenye laini," alisema mtangazaji. "Karibu, nani mwenzetu?"

"Mimi ni fundi wa mitungi," alisema Gia, "katika mojawapo ya hizo saba. Mheshimiwa, shikamoo. Hapa kwetu mmeandika thelathini na sita. Ipo kumi na miwili. Nimeihamisha mimi, kwa troli, kwa mlango wa nyuma, mlipokuwa mnakunywa chai. Mliihesabu ileile mara tatu. Sasa nina wagonjwa kumi na mmoja na itakapofika saa sita mchana sina pumzi ya kuwapa. Lori lenu limepita hapa asubuhi hii na mitungi thelathini, halikushusha hata mmoja, kwa ajili ya namba niliyoitengeneza mimi. Nifungeni, ila rudisheni lori."



Kimya cha redioni si kimya cha kawaida. Ni nyumba milioni moja zimeacha kijiko hewani. Mtangazaji alikohoa, akasema kuna tatizo la mitambo, akasema hapana, hakuna, kisha, kwa kutojua la kufanya, akafungua laini nyingine.

"Haloo?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, inatetemeka. "Mimi pia ni fundi wa mitungi. Hospitali ya huku mlimani. Kwetu mmeandika arobaini. Ipo tisa. Sisi tulikuwa tunaipitisha kwenye chumba cha maiti, kwa sababu wakaguzi hawaingii huko." Akavuta kamasi. "Itaisha saa tano."

"Mimi ni wa mpakani," akasema mwingine, mzee kwa sauti. "Ipo kumi. Inatosha mpaka kesho. Sisi tunatumia gari la wagonjwa kuizungusha."

"Kwetu ipo saba."

"Hapa ni kumi na minne, lakini miwili inavuja."

Gia alikaa chini juu ya sakafu ya stoo. Alikuwa akidhani ule ujanja ni wake, yeye na matroni, dakika nane, fahari ya hospitali yao. Kumbe! Kumbe kila mji ulikuwa na mtu wake na troli yake, wamekimbia wote siku zilezile kwa milango ya nyuma, hakuna anayemjua mwenzake, wakajenga nchi nzima iliyo tayari, na nchi hiyo haipo. Aliogopa kwa ukubwa wa jambo lenyewe. Mwili ulimsisimka, na machozi yalikuwa yanamtoka hajui tangu saa ngapi.

Mkurugenzi alipofungua kinywa, sauti ilikuwa imebadilika.

"Chai hiyo nimeinywa," alisema. "Nilikuwa mkaguzi miaka sita. Nilishangaa kidogo kwamba matroni wote wa nchi hii wanapenda sana kuuliza habari za watoto wangu." Akauliza: "Fundi wa kwanza, bado upo?"

"Nipo, mheshimiwa."

"Dereva yuko kwenye simu yangu ya pili. Yuko njiani, katikati yenu na mlimani. Anakokwenda wanaweza kusubiri mpaka jioni, nimewauliza, na safari hii nimeuliza nikiwa nimesimama, bila chai. Akigeuza sasa hivi, kwako atafika saa nne. Akienda mlimani kwanza, huko atafika saa tano kasoro, kisha kwako saa saba. Sina karatasi ninayoiamini hapa mbele yangu. Nyinyi ndio mnaojua. Niambie aende wapi."

Jamani, mtu asiulizwe swali kama hilo. Gia alifumba macho. Alimwona dada amebeba sufuria. Alimwona akimfungia vifungo vya shati siku ya kwanza ya shule, anamwambia simama wima. Kusema "aje kwangu" kulikuwa mdomoni tayari, kunasubiri pumzi tu.

"Dada wa mlimani," alisema, "una wagonjwa wangapi?"

"Kumi na wanne, kaka. Wawili wajawazito."

"Na lori likija kwangu kwanza, kwako linafika saa ngapi?"

"Saa sita na nusu. Saa moja na nusu baada ya kuishiwa."

"Na likianzia kwako, mimi nakosa saa moja." Gia aliuma midomo mpaka akahisi chumvi. "Mheshimiwa, liende mlimani. Washushe kumi na mitano, iliyobaki iletwe hapa, na dereva asisimame popote, hata rejeta ichemke. Hiyo saa moja niachieni mimi."

Akakata simu. Hakuwa na mpango wowote wa hiyo saa moja. Alitoka stoo akaenda kusimama nyuma ya jiko, akaipiga upya hesabu ya kiganjani.

Yaliyofuata ndiyo wanayoyasimulia vibaya zaidi, kwa sababu hayahitaji kutiwa chumvi na watu bado wanatia. Ilipofika saa tano, mlinzi wa geti alimwita Gia kwa kelele. Barabara iliyokuwa tupu wiki mbili ilikuwa na watu. Walikuwa wanakuja wameachana hatua mbilimbili, kama walivyoagizwa, barakoa za vitambaa usoni, hawasemi kitu, na kila mmoja anasukuma mkokoteni au toroli. Juu ya kila mkokoteni umelazwa mtungi. Walikuwa mafundi wa gereji na wachomelea vyuma, mji mzima, hadi wale wa karakana za ng'ambo ya mto. Mbele yao alikuwa mchomelea mmoja anayeitwa Cheche, mikono imejaa makovu ya moto.

"Tumeijua sauti yako redioni, una saa moja inakosekana," alisema. "Hii ni oksijeni ya kuchomelea. Kama inafaa, inafaa. Kama haifai, tuambie tusikupotezee muda."

Gia aliwatazama, mstari mrefu hadi kwenye kona, usioisha, na kila aliyesimama alikuwa amefunga kazi yake ya siku ile kuuleta mtungi wake. Akapiga saluti, sijui kwa nini, hakuwahi kuwa askari.

Daktari mkuu alitoka, akaizunguka mitungi, akanusa, akafikiri. "Siku nyingine ningekataa," alisema. "Leo nichagulieni iliyo safi kabisa." Basi wakafunga vibwebwe. Gia na Cheche walikagua valvu moja moja, wakasugua, wakafuta, wakakataa yote yenye dalili ya mafuta, wakabakiza minane ya kuaminika. Matroni aliisukuma mwenyewe, mikono ya koti imepandishwa, na mara hii alipitia mlango wa mbele.

Saa sita kasoro dakika tatu, Gia alimbadilishia dada yake. Mtungi mpya ulikuwa umebabuka rangi na una alama za nyundo. Alisikia hewa ikipita, akamtazama kifua. Kilipanda. Kilishuka. Kilipanda tena. Alibaki ameshika valvu baada ya kumaliza kuifunga, hathubutu kuondoa mkono.

Dada alifungua macho. Wodi nzima ilikuwa imesikiliza kipindi kile, redio ya manesi iko dirishani, na Gia hakuwa amelifikiria hilo hata kidogo. Alisoma usoni kwake kwamba amesikia kila neno, hata lori lilipoulizwa liende wapi, hata alivyojibu.

"Dada, nisamehe," alisema. "Nilikuweka wa pili."

Dada akaishusha barakoa kidogo. Nesi akaruka kumzuia, naye akamnyamazisha kwa jicho lilelile la foleni. Akavuta pumzi, akasubiri, akavuta nyingine, akizikusanya zimtoshe.

"Ungenitanguliza mimi," alisema, taratibu, na safari hii alimaliza sentensi yake, "ningekuchapa."

Gia akamrudishia barakoa usoni, akaibana vizuri masikioni. Kisha akakaa sakafuni kando ya kitanda namba saba na kulia mbele ya watu wote, wala hakujificha.